Turbo ya Baba na Pumzi za Bibi

Tulipomaliza matanga ya Baba, ndugu walikaa uani kugawana vitu vyake. Kaka yangu alipewa koti la kanisani na redio, shangazi akachukua mablanketi, binamu zangu wakagawana spana na jeki. Zamu yangu ilipofika wakaniuliza ninataka nini. Nikaingia stoo, nikatoka nimekumbatia dubwana la chuma lenye umbo la konokono, zito kama mtoto anayeanza kutambaa, limejaa vumbi na utando wa buibui. Wakacheka. Kaka akasema, "Dada, hicho ni chuma chakavu, wape wanaopita na mizani." Mimi nikaliinamia nikalinusa. Ndani kabisa bado kulikuwa na harufu ya dizeli iliyoungua. Nikalia mbele yao wote, na nilikuwa sijalia vizuri tangu msiba uanze.

Ninyi mliokua miaka ile huku kwetu Mbinga mnaikumbuka barabara ya ziwani ilivyokuwa. Siku hizi kuna lami. Mtu anatoka mjini na karanga zake mkononi, anapitiwa na usingizi kidogo, akizinduka ameshaona maji ya Mbamba Bay. Vijana wakitusikia tunasimulia habari za kusukuma magari wanadhani tunatia chumvi. Hatutii chumvi hata kidogo. Kuteremka kulikuwa kuteremka tu, lakini kupanda kulikuwa kazi ya kijiji kizima. Gari likikata pumzi kwenye kona, abiria wanashuka, wanaume wanasukuma, na mtu mmoja anatembea nyuma ya tairi na jiwe mkononi, tayari kulitupa chini ya tairi gari likianza kurudi.

Baba alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa kiwanja kitupu chini ya mikaratusi, na alama ya kwamba pale ni gereji ilikuwa weusi wa udongo. Alikuwa na pikapu yake mwenyewe, ya bluu, ila mlango wa abiria ulikuwa mweupe kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine lililokufa. Ilikuwa pikapu ya kiaminifu, haikuwahi kukataa kuwaka hata asubuhi ya ukungu, lakini haikuwa na kifua. Mlimani ilikuwa inalalamika toka chini mpaka juu. Watu wa sokoni walimtania Baba kwamba gari la fundi ndilo bovu kuliko yote, naye alicheka pamoja nao, ingawa nyumbani hakucheka.

Nyumbani tulikuwa na Bibi, mama yake Baba. Alizaliwa Mbaha, ufukweni kabisa mwa ziwa, Mnyasa halisi. Babu alishuka na maharage kwenda kubadilishana na samaki, akarudi na dagaa na mke. Ndivyo Bibi mwenyewe alivyopenda kusimulia, akimtaja kwanza dagaa. Huku juu akajifunza kila kitu. Akajifunza kuchimba ngolo, yale mashimo tunayochimba sisi Wamatengo kwenye miteremko ili mvua isituibie udongo, na akawashinda waliozaliwa huku. Akajifunza kahawa. Kitu kimoja kilimshinda, nacho ni baridi. Msimu wa baridi ukifika, ukungu ukilala juu ya vilima mpaka saa nne, Bibi alikohoa. Alilala amekaa, mgongo ukutani. Kifuani mwake kulikuwa na mluzi mwembamba, na mimi niliyekuwa nikilala naye niliuzoea mluzi ule kiasi kwamba ukinyamaza niliamka.

Mwaka mmoja baridi ikaondoka na kikohozi kikabaki. Daktari akampima, akamwambia Baba kifua cha mama kimechoka, huku juu hakumfai, kama ana watu wake sehemu za chini zenye joto basi akakae nao. Bibi aliposikia hakuonyesha hata mshangao. Akasema, "Nimewaambia siku zote. Nipelekeni Mbaha nikapumue."

Lakini jambo la namna ile haliamuliwi na mtu mmoja. Kwetu kulikuwa na sengu, yaani wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta chakula, na wakishiba wanazungumza mambo yanayowahusu. Sisi watoto tulikula kwenye mkeka wetu hapo hapo uani, kwa hiyo tulisikia. Mkubwa alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake Baba, mtu mrefu mwenye sauti ya chini ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Baba akaeleza maneno ya daktari. Baba Mkubwa akanawa mikono taratibu, akasema:

"Kuteremka kila kitu kinateremka. Hata jiwe linateremka. Mimi nauliza habari ya kupanda. Mama akizidiwa huko, akasema nirudisheni kwangu, hiyo pikapu yako itampandisha?"



"Mnakumbuka shemeji yetu," Baba Mkubwa akaendelea. "Gari lilishindwa njiani na jeneza lake nyuma. Tulimbeba mabegani kwenye mvua, tunateleza, tunaanguka naye. Nilimwahidi baba yetu nikiwa nimemshika mkono: mama atalala pembeni yako." Akaelekeza kidevu kwenye kona ya shamba la kahawa, mahali lilipokuwa kaburi la Babu. "Sitamtupa mama yangu bondeni mahali ambapo siwezi kumtoa."

Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Siku ile nilimchukia kwa chuki yote ya mtoto wa darasa la pili, lakini alikuwa anaogopa tu, na alikuwa na haki ya kuogopa. Baba akasema, "Kaka, nipe mpaka kahawa ya msimu huu ianikwe. Nitakuonyesha gari linalopanda." Wazee wengine wakaguna. Baba Mkubwa akasema haya, onyesha.

Chuma kile cha konokono kilitoka kwa Mzee Zuberi. Alikuwa mwenye duka la vifaa karibu na soko, Mwislamu, babu zake walitoka Kilwa, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka sisi watoto tulikwenda kununua kiberiti ili tu tumsikie akituambia "karibuni wajukuu zangu, jambo gani limewaleta asubuhi hii njema." Lori lake lilipinduka likafa. Baba alipomweleza habari za Bibi, akampeleka nyuma ya duka kwenye mzoga wa lori, akasema, "Fungua hilo tarumbeta, fundi. Gari limekufa lakini hilo li hai bado. Mama akapate pumzi, inshallah."

Nadhani kosa langu lilianzia kwenye neno lile la Mzee Zuberi, ingawa Baba naye alilipalilia. Niliketi kwenye tairi pale gereji, nikamuuliza kazi ya kile kitu. Baba hakuwa mtu wa kuwadanganya watoto. Akajifuta mikono akanieleza. "Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Injini inavuta, inavuta, haishibi. Sasa hii inaitwa turbo. Ndani kuna feni mbili. Moshi unapotoka unaizungusha ya kwanza, ya kwanza inaizungusha ya pili, na ya pili inakamata hewa inaishindilia ndani. Injini inashiba, inapata nguvu ya mlima."

Nikaelewa vizuri sana. Hewa ni kama uji. Huku juu Mungu alitupikia mwepesi, kule ziwani mzito. Bibi na pikapu walikuwa na ugonjwa mmoja, na Baba alikuwa anatengeneza dawa yake. Ushahidi niliuona kila siku. Injini alikuwa akiisikiliza kwa bisibisi, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, macho ameyafumba. Jioni alirudi nyumbani, akainama nyuma ya Bibi, akaweka sikio mgongoni kwake, macho ameyafumba vile vile. Na Bibi kila jioni alimuuliza, "Limefikia wapi?" Naye akamjibu, leo nimepata bomba la mafuta, leo nimechomelea, leo bado mpira wa hewa. Mtu gani anauliza habari za mashine kila siku kama si yake?

Kwa hiyo jioni moja tukiwa jikoni nikauliza, "Baba, Bibi utamfungia lini yake?"

"Yake nini?"

"Turbo."

Baba akaanza kucheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Alitazama moto. Bibi ndiye aliyeniokoa. Alikuwa akiniita mke mwenzake, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, akasema, "Mke mwenzangu, mimi ni injini ya zamani mno. Hakuna hata mahali pa kutia boliti." Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Baba akamshika mabega. Mimi nikajua kwamba wananificha kwa sababu turbo yake bado haijawa tayari.

Jumapili ya majaribio ilikuja kahawa ikiwa imeanikwa kwenye meza za kukaushia kila nyumba. Misa ilipokwisha, watu hawakwenda makwao. Walikwenda uwanja wa ndege.

Uwanja ule ulikuwa wa majani, wa tangu zamani, na ndege zilikuwa zimeshausahau. Ulibaki wa ng'ombe na wa vijana wa mpira. Lakini ulikuwa ndio mahali pekee penye unyoofu katika nchi yetu ya mikunjo mikunjo, na ulikuwa umeinama: ukisimama chini, mwisho wake wa juu umeinuka mbele yako kama paji la uso. Pembeni ulisimama mlingoti wa kuonyesha upepo, mfuko wake umeshaoza, umebaki waya. Baba alisema pale ndipo penye mtihani wa haki, kwa sababu gari likipanda pale kwa kasi na mzigo, mlima wa ziwani litaumaliza. Mzee Zuberi akajitolea kuja na pikapu yake mpya ya dukani, ili wazee wawe na cha kulinganisha.

Na mzigo ulikuwa wazee wenyewe. Hilo lilikuwa sharti la Baba Mkubwa. Hakutaka magunia, maana magunia, alisema, fundi anaweza kuyajaza makapi. Basi wazee wa ukoo wakapanda nyuma ya pikapu ya Baba, na makoti yao ya kanisani, kofia mikononi, mmoja na rozari yake, wakaketi wakitazamana bila kucheka kama watu waliokuja kuposa. Vijana wakapanda nyuma ya pikapu ya Mzee Zuberi mpaka ikalingana. Bibi aliletewa kiti, akakaa amejifunika blanketi, nami nikasimama nimemshika. Mluzi wa kifua chake niliusikia hata pale nje.

Kijana mmoja akashusha shuka jeupe la ishara, na magari yakaondoka. Mwanzoni pikapu ya Baba ililalamika kama kawaida. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia: mluzi mwembamba, unapanda, unapanda. Nikamtazama Bibi kifuani, nikalitazama gari, nikamtazama Bibi tena. Ilikuwa ni sauti yake! Baba alikuwa ameichukua sauti ya kifua cha Bibi akaitia ndani ya gari.

Halafu ukasikika mlio, puu, kama mpira umepasuliwa kwa teke. Moshi mweusi ukafunika wazee wote. Pikapu ikafifia, ikajikongoja. Mzee Zuberi akapita, akafika juu, akageuka. Wazee wakashuka wakikohoa, makoti yao meusi zaidi ya yalivyokuja.

Kosa lilikuwa dogo na lilikuwa letu kabisa. Mpira mkubwa wa kupitisha hewa Baba aliufunga kwa ukanda wa tyubu, ile mipira tunayoikata kwenye tyubu kuukuu kufungia magunia kwenye baiskeli. Huku kwetu hakuna kitu ambacho hakijafungwa kwa mpira wa tyubu, na siku zote unashika. Siku ile nguvu ya hewa iliusukuma ukavutika, ukavutika, ukaachia. Baba alisimama ameushika ukanda ule mkononi, na uso wake sitausahau.

Baba Mkubwa alijifuta moshi usoni. Hakufurahi, nilimwona, hakufurahi hata kidogo. Akasema kwa ile sauti ya chini, "Basi, mdogo wangu. Umejaribu." Na wazee wakaanza kutafuta kofia zao.

Ndipo Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake. Maneno yalitoka mawili mawili, na watu walilazimika kunyamaza ili wayasikie. "Mtu akikohoa mara moja... mnakwenda kuchimba kaburi?" Akavuta pumzi. "Mimi nimekohoa... msimu mzima. Mbona mko nami bado?"

Baba aliuangalia mlingoti wa upepo, akaenda, akakata ule waya, akarudi anaukunja. Akauzungusha kwenye mpira wa hewa, akausokota kwa koleo mpaka mishipa ya mikono ikamtoka. Mzee Zuberi alikuwa pembeni yake na taa ya tochi mchana kweupe, anamulika, anasema, "Kaza, fundi. Kaza tena. Sasa mwachie Mola." Wazee wakapanda tena, wengine kwa kuinuliwa.

Bibi akasimama. "Mzigo wenyewe ni mimi," akasema. "Pimeni mzigo wenyewe." Baba Mkubwa akasema mama, hapana, lakini Bibi alikuwa ameshaufungua mlango mweupe. Akanishika mkono na kunivuta nyuma yake. "Na mke mwenzangu anishikie blanketi."

Nimesafiri tangu siku ile. Nimepanda mabasi ya usiku kucha, nimepanda hata ndege. Hakuna safari iliyonifanyia kilichofanywa na ule uwanja wa majani. Magari yalirudi mahali pa kuanzia, shuka likashushwa tena, Baba akakanyaga. Gari likajivuta kidogo, ule mluzi ukaanza chini ya miguu yetu, ukapanda, ukawa mkali, na halafu kitu kikatusukuma mgongoni. Sijui niseme vipi. Kilikuwa kama mkono mkubwa, wenye upole lakini usiokubali ubishi, ukatushindilia kwenye kiti. Majani mbele yakawa mstari mmoja wa kijani. Ng'ombe pembeni walitimua mbio mikia juu. Nyuma yetu nilimsikia mzee mmoja akimwita Bikira Maria na mwingine akipiga kelele ya furaha kama mtoto, na hakuna kati yao aliyewahi kukubali kwamba ni yeye. Pikapu ya Mzee Zuberi ilikuwa kando yetu, kisha ilikuwa nyuma yetu, na nikamwona ndani ya kioo anacheka, amepigwa na amefurahi.

Bibi akashusha kioo. Upepo ukaingia kwa nguvu, ukamfunua kilemba, ukamjaa mdomoni. Naye akafumbua mdomo wote. Macho yake yalikuwa wazi, machozi yanarudi nyuma kuelekea masikioni, na alikuwa anacheka bila sauti. Nilijua ninachokiona: turbo inamshibisha Bibi hewa. Imefungwa. Imekubali. Bibi amepona.

Tulifika juu. Baba akasimamisha gari, na watu wakatukimbilia wakipiga vigelegele. Wazee walishuka wakishikana kama waliotoka kwenye ngoma. Mmoja akanyoosha mkono kwenye ufunguo ili anyamazishe injini watu wasikilizane, na Baba akamdaka mkono.

"Hapana, mzee wangu. Iache ipumue kwanza. Imekimbia, ina moto. Ukiizima ghafla mafuta yanaungua ndani, inakufa."

Basi tukasubiri. Kundi zima la watu likasimama kuzunguka pikapu ya bluu yenye mlango mweupe, kimya, wanaume wamevua kofia, wanasikiliza injini ikinguruma taratibu na kupoa. Hata kanisani hatukunyamaza vile. Bibi alishuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Baba alipotosheka ndipo akazima.

Baba Mkubwa akamwendea Baba, akampa mkono kwa mikono miwili. "Nimeona," akasema. "Mama ataenda Mbaha."

Nikasikia vibaya mno. Nikamshika Bibi nguo. "Aende wapi? Si amepona? Si mmemfungia?" Nikawaeleza yote pale, injini na uji na mluzi, nikilia, na nilitegemea watacheka. Hawakucheka. Baba alichuchumaa mbele yangu na mikono yake ya grisi ambayo hakuthubutu kunishika nayo, kwa sababu nilikuwa na gauni la Jumapili. "Mwanangu," akasema, "hii siwezi kumfungia mtu. Ningeweza ningeanza naye kabla ya gari." Sikuwahi kumsikia Baba akisema kwamba kuna kitu hawezi. Nililia zaidi kwa hilo kuliko kwa lile la Bibi kuondoka.

Tulimteremsha wiki ile ile. Kwenye kona ya mwisho, ziwa likafunguka lote mbele yetu, la bluu, halina ng'ambo, na nikanyamaza kulia kwa mara ya kwanza tangu nyumbani. Sikujua kwamba maji yanaweza kuwa mengi hivyo. Mbaha, ndugu zake walimpokea kwa Kinyasa, lugha ambayo kwetu alikuwa akiizungumza usingizini tu. Akala ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwa lao. Usiku nililala naye, nikaamka kwa sababu kulikuwa kimya, nikashtuka nikamtikisa. Akafumbua macho. "Lala," akasema, sentensi nzima kwa pumzi moja, "hewa ya huku inashibisha, mke mwenzangu, sihitaji kupiga mluzi."

Aliishi. Misimu kadhaa ya kahawa ilipita na Bibi yuko ufukweni, anaanika dagaa, anagombana na kunguru, anatuma salamu na samaki. Likizo nilikwenda kwake. Pikapu ilipanda na kushuka mlima ule bila mtu kuweka jiwe nyuma ya tairi, na vilima vyote viliijua kwa sauti. Nilikuwa nikiisikia kabla sijaiona, ule mluzi unakuja kutoka bondeni, na kila mara nilimfikiria Bibi, na kila mara nilifurahi. Hata nilipokuwa msichana mkubwa wa kutosha kujua feni na moshi na hewa, moyo wangu haukuacha kuamini kwamba maadamu turbo inaimba, Bibi anapumua.

Siku walipoleta habari, Baba alifungua boneti. Alipima mafuta ya injini, akafuta kioo, akateremka. Baba Mkubwa alibaki, akasimamia vijana wakichimba kule kwenye kona ya shamba, pembeni ya Babu. Mchana uliofuata tulikuwa uani tunangoja, wengi, hakuna anayezungumza kwa sauti. Halafu tukausikia. Mwembamba, mbali, unapanda. Haukukatika kwenye kona ya kwanza wala ya pili. Niliwaona wazee wale wale wakigeuza vichwa pamoja kuufuata, kilima kwa kilima. Baba hakusimama popote.

Pikapu ikaingia uani. Wanaume wakafungua nyuma, wakashusha jeneza, kina mama wakalipokea kwa kilio. Baba hakushuka. Alibaki nyuma ya usukani, mikono yote miwili juu yake, injini inanguruma taratibu. Watu wakaanza kutazamana.

Baba Mkubwa akaenda dirishani. "Zima gari, mdogo wangu. Umefika."

"Iache ipumue kwanza, kaka," Baba akasema. Hakumtazama. "Imempandisha moja kwa moja."

Baba Mkubwa akavua kofia. Kisha akazunguka mbele ya gari, akaufungua ule mlango mweupe, akaingia, akaketi mahali alipoketi mama yao siku ile ya uwanja wa ndege. Nilikuwa nimesimama mbele ya boneti, ninawaona wote wawili kwenye kioo. Mabega ya Baba yakaanza kutikisika. Baba Mkubwa akamwekea mkono mgongoni, wakakaa hivyo, na injini ikaendelea kupumua, na mimi nikawa naomba wasiharakishe.

Mwishowe Baba Mkubwa akanyoosha mkono wake mrefu, polepole, akazungusha ufunguo. Kukawa kimya, na ndipo nilipojua kwamba Bibi amekufa.